Watu wa Mzee Vernon

Jumamosi, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, mlinizunguka na simu zenu mkinionyesha ile video ya matanga ya Buffalo. Sifa akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwa kina mama: "Eti, marehemu si ndiye aliyemlea mama yako? Sasa mbona mama yako amekaa kwenye viti vya wageni?" Mnanijua. Nikiulizwa kitu mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Nilisema naenda chooni, nikatokea mlango wa nyuma. Lakini nikiandika sioni haya, kwa hiyo nimeandika. Someni, halafu naomba tusiliongelee tena.

Marehemu ni Koko Asukulu, yaani Babu Asukulu, kaka mkubwa wa babu yangu mzaa mama. Wazazi wa mama walipouawa kule Fizi, Kongo, yeye ndiye aliyembeba mama mgongoni mpaka ziwani, akavuka naye, akamlea kambini Tanzania. Halafu Amerika ikatutawanya, sisi Louisville, yeye Buffalo. Baba yangu alishakufa. Mama aliishi peke yake miaka mingi, kisha akampata Mzee Vernon, Mmarekani mweusi, dereva wa basi la shule, mtu wa kucheka polepole kama anayeonja chumvi. Wakafunga ndoa kwa hakimu, mchana, kati ya zamu ya mama na zamu yake. Koko aliposikia alikata simu. Hakutukana. Alikata tu, na hakupokea tena.

Baridi ilipoanza tukasikia figo za Koko zimechoka kabisa. Siku moja akapiga mwenyewe. "Huyo mwanaume akuye," alimwambia mama. "Tunataka kujua yeye ni wa watu gani. Tukimaliza kumupokea, na weye utakuya." Maana yake mpaka Vernon apokelewe na wazee, mama asikanyage pale. Mama alilia kwa furaha, mwiko bado mkononi.

Sasa sikieni kosa letu lilipoanzia. Mama alikulia kambini. Harusi alizoziona zilikuwa za mchungaji na soda. Hajawahi kukaa katika kikao cha wazee wa pande mbili. Alichojua ni alichosikia kwa wanawake bombani: kwamba mwanaume huhesabiwa baba zake, mmoja nyuma ya mwingine, hadi yule wa kwanza. Akamweleza Mzee Vernon hivyo. Vernon akahesabu kwa vidole: baba, babu, baba wa babu. Kidole cha nne akakitazama tu.

"Abram," akasema mwishowe. "Hapo katikati sijui. Lakini mwanzo ni Abram."

Kwao kuna hadithi ya Abram Tarrant aliyeishi Virginia wakati Mwingereza bado ndiye mtawala. Wanasema alikuwa mtu huru, akapigana vita vya uhuru, na kwa malipo akapewa ardhi Ohio kwa jina lake mwenyewe. Mzee Vernon alimshika mama mabega: "Nitawapelekea wazee wako Abram. Pamoja na karatasi zake." Tangu siku hiyo kila siku ya mapumziko alikuwa akifukua wosia na hati za ardhi, na sanduku la plastiki likaanza kujaa. Mimi nikapewa kazi ya ukalimani. Mimi, ambaye nikitumwa dukani kurudisha kitu hurudi nacho nyumbani.

Louisville: chumba cha chini

Tulipaswa kuondoka asubuhi. Mama alishatufungia mandazi, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Lakini Mzee Vernon alisema apitie mara moja tu kwenye chumba cha kumbukumbu, kuna kitabu kimoja hajakiona. Hiyo "mara moja tu" yake nilikuwa siijui bado.

Ni chumba cha chini ya ardhi, hakina dirisha, kinanuka kama koti lililokaa kwenye sanduku. Mama mmoja wa Kimarekani mwenye miwani ya mnyororo alituletea vitabu vikubwa kama meza. Maandishi yake yamelala upande mmoja, na herufi nyingine huwezi kujua ni zipi. Vernon alikuwa anafuata mistari kwa ncha ya penseli bila kugusa karatasi. Yule mama aliniangalia nilivyokaa kimya, akadhani tumekuja kwa ajili ya kazi yangu ya shule. Akaniuliza mwalimu wangu ametaka kurasa ngapi. Nikashindwa kusema si kazi ya shule, nikajibu, "Nyingi." Akanihurumia, akanipa penseli mbili zenye picha ya farasi. Basi nikawa mwanafunzi mpaka tulipotoka.

Saa za chakula zikapita. Mandazi yalikuwa garini na mimi nilikuwa naona aibu kuomba ufunguo. Halafu Mzee Vernon akapiga meza kwa kiganja, watu wote wakageuka, nikatamani niingie ndani ya kile kitabu. Alikuwa ameona jina. Si Abram, ila Thomas Tarrant kutoka Virginia, anauza shamba Kentucky, na pembeni imeandikwa kwamba ana ardhi nyingine Ohio, iliyotolewa kwa vita alivyopigana baba yake.

"Umeona?" aliniambia kwenye ngazi. "Vita. Ardhi. Ohio. Hadithi ya shangazi yangu ni kweli. Abram lazima yupo hapohapo karibu."

Yule mama wa miwani alisema karatasi za ardhi ya Ohio zipo Columbus. Na Columbus, mtaa wa Linden, ndiko anakokaa shangazi yake Vernon. Mzee Vernon aliona kama Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga njia.

Njiani kwenda Columbus

Sanduku la karatasi lilikaa kiti cha nyuma. Kila Vernon alipofunga breki liliteleza na kugonga mlango, kwa hiyo pale kituo cha mafuta alishuka akalifunga mkanda kama mtoto. "Huyu ndiye abiria mkubwa," akasema. Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka siku hiyo.

Darajani Cincinnati lori lilikuwa limepinduka, tukasimama muda mrefu mpaka chai ikaisha. Vernon alitumia nafasi hiyo kufanya mazoezi. Alitaka aanze yeye mwenyewe kwa Kiswahili, wazee wamwone ana heshima.

"Shikamoo wazee. Mimi ni mtoto ya Tarrant."

"Wa Tarrant."

"Mimi ni mtoto wa Tarrant. Nimekuja haraka haraka."

"Hapana, usiseme umekuja haraka haraka. Watadhani unataka kuondoka."

"Lakini ndiyo maneno ninayoyajua!" Akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akatulia, akaniuliza kama Koko ni mkali. Nikamwambia Koko alipokuwa kambini alikuwa ananisuka nywele mama akiwa kwenye foleni ya chakula. Vernon akaendesha kwa uangalifu zaidi, kana kwamba Koko alikuwa anatuona.

Linden

Shangazi Lucille ndiye dada wa mwisho wa baba yake Vernon. Ndugu za Vernon wote wamekufa, na yeye mwenyewe watoto hakupata. Nyumba yake ina ngazi za mbao zinazolia, na sebuleni kuna kofia nyingi za kanisani juu ya kabati, ya kijani ikiwa mbele. Alinikumbatia kabla sijajua niweke wapi mikono. Akatupa majani mabichi yaliyopikwa na nyama ya bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi. Nilipoonja nilidhani ni sombe, yaani kisamvu, ya mtu aliyesahau kuitwanga. Nikala sahani ya pili.

"Unakula kama sisi," akaniambia. Vernon akanirudia maneno hayo polepole ingawa nilikuwa nimeelewa. Alikuwa amezoea kwamba mimi na yeye huwa tunafafanuliana.

Akasimulia habari ya Abram. Anaisimulia akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kiti. Abram alipoitwa boi, hakugeuka. Abram alipopewa ardhi, alisaini jina lake lote. Mama yake Lucille alimpa maneno hayo, naye alipewa na mama yake. Mzee Vernon alikuwa anaitikia kama yuko ibadani.

Kesho yake tukaenda kwenye nyaraka. Jengo kubwa, sakafu inayong'aa, na sharti la kuacha koti na begi kabatini. Meza ya jirani alikaa mama mzungu mwenye sweta ya zambarau, naye amezungukwa na karatasi. Alisikia Vernon akimtajia karani jina la Tarrant, akaruka kwenye kiti.

"Tarrant wa Virginia? Baba wa Thomas? Tunamtafuta mtu yuleyule!"

Alitoka Indiana, amestaafu ualimu, na kwa miaka mingi anamfuatilia babu yake wa enzi za ukoloni, kaunti moja hadi nyingine, kwa wosia na hati za mashamba. Alituonyesha mti wa ukoo wake, mrefu kama kitambaa cha meza ya karamu. Akagawa mkate wake wenye jibini, akanipa nusu. Akasema, "Basi tutakuwa ndugu!" na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilijiambia, Mzee Vernon amepata ndugu, tena mwenye orodha ndefu.

Karani akaleta jalada la ile ardhi ya Ohio. Ndani, pamoja na ramani, kulikuwa na nakala ya wosia wa mzee Tarrant mwenyewe, uliowekwa kuthibitisha kwamba Thomas ndiye mrithi. Maandishi yalikuwa magumu, na yule mama ameyazoea, kwa hiyo akajitolea kutusomea. Alisoma kwa sauti ya furaha, kama anayesoma kadi ya siku ya kuzaliwa.

Kwa mwanangu Thomas namwachia farasi wa rangi ya kahawia. Na sufuria kubwa ya shaba. Na mtoto Abram...

Sauti yake ikapungua. Akaweka kiganja juu ya karatasi, kama mtu anayemfunika mtoto asione.

"Endelea," Vernon akasema.

"...na mama yake Abram, pamoja na wote atakaowazaa. Na kitanda cha manyoya."

Mama yake hakuandikwa jina. Sufuria iliandikwa ni ya shaba, farasi akaandikwa rangi yake. Na ile ardhi ya Ohio, kwenye hati, ilikuwa ya Thomas tangu mwanzo hadi alipoiuza. Abram hakuwa na hata kona.

Yule mama alisema samahani. Alisema mara nyingi, halafu hakujua aseme nini tena, akafungua mkoba akatupa pipi za kikohozi. Mzee Vernon akazipokea. Akasema asante. Aliomba nakala ya ule wosia, akaikunja vizuri, akaiweka sandukuni juu kabisa. Nusu ya mkate wangu niliirudisha kwenye karatasi yake.

Jioni Vernon alimwambia Shangazi Lucille. Nilikuwa naosha vyombo na maji nikayafungulia kwa nguvu ili nisisikie, lakini nyumba ni ndogo.

"Karatasi hiyo aliandika nani?" Shangazi akauliza.

"Mzee Tarrant."

"Mwenye kumwiba Abram. Na wewe unamwamini mwizi kuliko mama yangu?"

"Shangazi, siwezi kwenda kuwaambia wale watu kitu ambacho si kweli."

"Ukweli gani amekupa huyo? Amekupa sufuria!"

Mzee Vernon alijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba maisha yake yote amebeba kitu ambacho hakikuwepo, na yeye Lucille ndiye aliyembebesha. Baada ya hapo hakuna aliyesema usiku mwema.

Asubuhi nilimkuta Shangazi Lucille sebuleni amevaa. Koti limefungwa vifungo vyote, kofia ya kijani kichwani, begi dogo miguuni.

"Nakwenda nanyi," akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

Vernon hakumtazama usoni. "Kuna theluji njiani, Shangazi. Miguu yako. Halafu nafasi hakuna."

Sote watatu tukaangalia nje. Gari lilikuwa mbele ya ngazi, na kwenye kiti cha nyuma lilikaa sanduku na mkanda wake.

"Naona," Shangazi akasema. Hakuvua koti. Tulipoondoka alikuwa bado amesimama dirishani nalo.

Kando ya ziwa

Kutoka Columbus hadi Cleveland Mzee Vernon hakuwasha redio. Baada ya hapo ziwa likaanza kututupia theluji. Mnaokaa huku kusini mnadhani mnaijua theluji. Ile ya kule inakuja kwa upande, na magari mbele yanafutika moja moja. Karibu na Erie polisi wakatutoa barabarani, tukakaa kwenye kituo cha mapumziko pamoja na madereva wa malori na familia moja yenye mbwa aliyekuwa akitapika.

Mama akapiga simu. "Mumefika?" Nikasema bado. "Vernon anaendeleaje?" Nikasema yuko sawa. "Amempata Abram?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Mama akashukuru Mungu kwa sauti, na nikasikia anamwambia mwenzake kazini.

Mzee Vernon alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mashine ya kahawa. Akaniuliza, "Nikiwaambia tu ile hadithi ya shangazi, watajua?"

"Hawatajua."

"Mama yako atapokelewa?"

"Nadhani."

Akafikiri. "Koko wako alipoteza mji wake na hajawahi kusema uongo juu yake. Siwezi kumletea uongo."

Nilitaka kumwambia aseme uongo. Nilikuwa nautaka ule uongo kuliko kitu chochote, kwa ajili ya mama. Lakini barabara ilifunguliwa, watu wakaanza kukimbilia magari.

Buffalo: Lower West Side

Koko alikuwa anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya mbao. Ngazi zimejaa viatu, na harufu ya mbuzi, samaki na sombe ilitupokea tangu mlangoni. Sebuleni viti vya kuazima kanisani vilikuwa vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Safu moja imejaa wazee na kina mama waliovaa vizuri. Safu ya pili ni tupu, kila kiti kimefunikwa kitenge. Koko alikuwa pembeni kwenye kochi, blanketi magotini, mkono umefungwa bandeji pale wanapomsafishia damu. Amekuwa mdogo. Alinishika shavu, akasema tu, "Mutoto wa mutoto wangu."

Tukakaa kwenye safu tupu, Vernon, mimi na sanduku. Mara Mzee Etabo, aliyekuwa msemaji wa upande wa Koko, akaninyooshea kidole.

"Weye hauwezi kuikala kule. Weye uko mutoto wetu. Kuya huku."

Nikavuka. Mzee Vernon akabaki peke yake mbele ya viti vyote vile.

Wakangoja. Mtu akakohoa. Mke wa Mzee Etabo akachungulia dirishani, akachungulia tena. Jikoni vifuniko vya masufuria vilikuwa vinacheza.

"Bon," Mzee Etabo akasema kwa upole. "Tungojee. Bengine beko napaki motokari?"

Aliuliza kama wengine bado wanaegesha gari. Nikatafsiri. Vernon akaniangalia. "Wengine gani?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Vile viti havikuwa mapambo. Ile nyama haikuwa yetu wawili.

"Amekuja peke yake," nikasema. Nikarudia kwa sauti zaidi.

Mzee Vernon aliona nyuso zimebadilika, akafikiri wanangoja aanze. Akasimama. "Shikamoo wazee. Mimi ni mtoto wa Tarrant." Alisema vizuri kabisa, bila kosa.

"Aikale, aikale," wazee wakasema. Mzee Etabo akanigeukia: "Umwambie mwenye kuoa hasemake. Anaikalaka kimya. Batu bake njo banasemaka. Nani atasema juu yake?"

Nikamwambia: muoaji hasemi, watu wake ndio wanaomsemea. Mzee Vernon akaitikia kwa kichwa, kama ameelewa, akafungua sanduku. "Ninao hapa," akasema.

Walimwachia, kwa sababu ni mgeni na kwa sababu hawakujua wafanye nini. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine, na mimi nikatafsiri kutoka upande wa pili wa chumba, mbele ya watu wote wale, mimi. Alipofika kwenye wosia aliusoma wote. Farasi. Sufuria. Abram.

"Huyo Tarrant njo koko yake?" Mzee Etabo akauliza.

"Hapana. Ndiye aliyemmiliki Abram."

"Basi donc anatuhesabia mwizi?"

Mama mmoja mzee aliuliza, "Na mama ya ule mutoto? Jina lake?" Nikasema halikuandikwa. Akapiga kifua. "Aka! Sufuria iko na habari yake, mama hana jina!" Kina mama wakaguna pamoja, na kwa dakika ile nilidhani mambo yatageuka, maana walikuwa wamemwonea Abram uchungu kama mtoto wa Fizi.

Vernon, kwa kuwa hataki kuficha kitu, akawaeleza pia yule mama wa sweta ya zambarau, kwamba labda ni damu moja. Wazee wakanong'onezana. Mzee Etabo akauliza, na hakuwa anatania: "Ule muzungu, kama ni ndugu yake, juu ya nini hakukuya naye? Angeikala pale." Akaonyesha kiti.

Koko akainua mkono.

"Karatasi siichukie," akasema polepole. "Na zetu zilibakia Fizi, zikaungua. Mimi ninauliza kitu kimoja. Mutoto wangu akigonjwa mu nyumba yake, akikufa, nani wa upande wa bwana yake atatuita?"

"Mimi," Vernon akajibu.

"Na weye ukikufa?"

Hilo pia nililitafsiri. Mzee Vernon aliangalia viti vya kulia kwake, kisha vya kushoto.

"Nina shangazi," akasema. "Columbus."

"Iko mugonjwa?"

"Hapana."

"Sasa iko wapi?"

"Nilimwacha. Alikuwa ameshavaa koti."

Nikatafsiri kama alivyosema. Koko akafumba macho. "Alikuwa ameshavaa koti," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

Vernon akatoa simu akampigia Shangazi Lucille palepale. Ikaita, ikaita. Hakupokea. Mzee Etabo akasema simu haikalii kiti, na wachache wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha akatoa uamuzi: hawakumkataa. Arudi, aje na mtu wake, hata mmoja. Viti vitapangwa tena. Mpaka hapo kikao hakijafungwa, na binti yao angoje.

Tulikula. Kina mama walimjazia Vernon sahani kwa huruma. Lakini chakula cha watu wasiokuja hakiliwi na watu wawili. Walikifunga kwenye bakuli za plastiki, nyingi, wakatushusha nazo mpaka garini. Nilipomuaga Koko alinishika mkono hakuuachia. "Umwambie asikawie," akasema. Sikujua alimaanisha Vernon au mama.

Kurudi

Sanduku lilirudi kwenye buti. Kwenye kiti cha nyuma zilikaa bakuli.

Linden, Shangazi Lucille alifungua mlango. Vernon akabaki kwenye ngazi na kofia mkononi. Mimi nikaingiza chakula, nikakipasha moto, kwa sababu ni kitu pekee nilichojua kufanya. Alionja sombe akiwa amesimama.

"Nani amepika?"

"Watu wa mama. Walipikia watu wa Mzee Vernon."

Akaacha kutafuna. "Yaani mimi?"

"Ndiyo, Shangazi. Kiti chako kilikuwa na kitambaa."

Akakaa. Akala yote, taratibu, akipangusa bakuli kwa kidole. Mzee Vernon alikuwa bado nje. Nilisikia Shangazi akimwita aingie, nikasikia wanalia, na sijui ni nani aliyeanza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukugeuza gari palepale. Barabara ya ziwani ilikuwa imefungwa tena, na Jumatatu watoto walikuwa wanangoja basi. Tukasema tutarudi theluji ikipungua. Mama alitukuta mlangoni akitabasamu, amevaa nguo nzuri, akauliza, "Wamesema nije lini?"

Theluji haikupungua. Mama alipata habari ya Koko kama ninyi, kwenye kundi la simu, picha yenye mshumaa, katikati ya matangazo ya kuuza vitenge.

Tukaenda. Mzee Etabo alitupokea vizuri. Hakuna aliyemfukuza mama, msiseme hivyo. Alieleza kwa heshima kwamba kikao hakikufungwa, na katika matanga hakifungwi, kwa hiyo mama amekuja kama mke wa mgeni. Wanawake wa nyumba walikuwa chini kwenye magodoro. Mama, aliyebebwa na yule mtu mgongoni mpaka ziwani, akaonyeshwa kiti. Akakaa. Hakulia kwa sauti, kwa sababu wageni hawalii kwa sauti.

Itazameni tena ile video, hapo kamera inapogeuka. Kulia kwa mama ni Mzee Vernon. Kushoto kwake kuna bibi mwenye kofia ya kijani, koti limefungwa vifungo vyote, na mapajani ameshika bakuli ya plastiki. Ni ile ya sombe. Aliileta imejaa majani aliyoyapika mwenyewe, na siku nzima hakupata mtu wa kumkabidhi.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza huyo ni nani. Huyo ndiye watu wa Mzee Vernon. Wote.